Safari ya Uholanzi Iwafae Wakaazi wa Mitaa

Ujumbe wa maofisa wa mipango miji na wawakilishi wa shehia za Mjini Unguja umerejea karibuni kutoka Uholanzi, katika ziara ya kubadilishana uzoefu. Nasi tulikuwemo. Wananchi wanayo haki ya kuuliza safari hiyo imeleta nini. Wahenga walisema, aendaye tezi na omo marejeo ni ngamani. Safari isiyorejea na elimu kwa waliobaki ni matembezi tu.

Uholanzi ni nchi iliyonyang'anywa bahari. Zaidi ya robo ya ardhi yake iko chini ya usawa wa maji. Uwanja wa ndege wa Schiphol, tuliposhukia, umejengwa juu ya sakafu ya ziwa la Haarlemmermeer, lililokaushwa mwaka 1852. Ardhi hiyo hubaki kavu kwa sababu pampu hufanya kazi na matuta hukaguliwa. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Februari 1953, bahari iliyavunja matuta ya kusini-magharibi, na watu 1,836 wakapoteza maisha. Waholanzi hawahitaji kufundishwa maana ya ule usemi kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta.

Lakini kilichotushughulisha zaidi si pampu. Ni nani anayezisimamia. Nchi ile ina mabaraza ya maji 21, na asili ya baadhi yake ni karne ya 13. Wakaazi huwachagua wajumbe wa mabaraza hayo kila baada ya miaka minne, na hulipa kodi maalumu kwa kazi hiyo. Kwa hiyo mkaazi anajua fedha yake imekwenda wapi, na anajua pa kupeleka lawama.

Kwetu, masika yakiingia na maji yakajaa katika nyumba za Ng'ambo, mwenye nyumba humtazama sheha, sheha huitazama ofisi ya juu yake, na ofisi hiyo huitazama nyengine. Maji hayamtazami mtu. Na mkaazi naye, aliyetupa taka mtaroni wakati wa kiangazi, hana budi kujitazama mwenyewe.

Mjini Amsterdam tulipita mtaa wa Nieuwmarkt. Wakuu wa mji waliamua kuvunja nyumba za mtaa huo ili kupitisha reli ya chini ya ardhi na barabara pana. Mwaka 1975 wakaazi walipinga, na pakatokea mapambano na polisi. Reli ilipita, na sehemu yake ya mtaa huo ikafunguliwa mwaka 1980. Lakini mpango wa barabara uliachwa, na nyumba za watu wa kawaida zikajengwa upya palepale. Ingekuwa rahisi zaidi kuwauliza watu kabla ya kuleta nyundo.

Upande wa kusini-mashariki wa mji huo upo mtaa wa Bijlmermeer, ambao wakaazi wake wa mwanzo waliingia mwaka 1968. Majumba yake marefu ya ghorofa yalisifiwa kuwa ndio mji wa kesho. Baadaye yalipoteza wapangaji, na tangu miaka ya 1990 mengi yamevunjwa. Jumba moja, Kleiburg, liliokolewa: nyumba zake ziliuzwa zikiwa tupu, kila mnunuzi akaimalizia ya kwake kwa uwezo wake. Mwaka 2017 jumba hilo lilipata tunzo ya Umoja wa Ulaya ya usanifu wa majengo. Yeyote anayeyapenda majumba yetu ya Michenzani na aitafakari habari hii. Ghorofa haihukumiwi kwa urefu wake. Huhukumiwa kwa ngazi, maji, na matunzo ya kila siku.

Watakuwepo watakaosema kuwa Uholanzi ni tajiri, sisi ni maskini. Jawabu ni kwamba wakulima wa karne ya 13 hawakuwa matajiri. Walikuwa na makoleo na makubaliano. Utajiri ulifuata nyuma ya utaratibu.

Mji Mkongwe uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na dunia inautazama. Wakaazi wengi wa mji wetu, hata hivyo, wanaishi Ng'ambo, na huko ndiko nyundo zitakakoelekea. Kwa hiyo tunashauri mambo matatu. Kwanza, ramani ya kila mradi ibandikwe katika ofisi ya sheha, kwa Kiswahili, kabla nyumba yoyote haijawekwa alama. Pili, kila shehia iwe na kamati ya mitaro iliyochaguliwa na wakaazi, na hesabu zake zisomwe hadharani kabla ya masika. Tatu, ripoti ya ziara hii isifungiwe kabatini. Isomwe mitaani, na sisi tuliosafiri tusimame tuulizwe.

Kodi ya wananchi imeyalipa baadhi ya magharama ya safari hii. Wananchi ndio wanaodai malipo, na deni ni haki yake kulipwa.