Nauli ya Kwenda Kuzungumza

Mwaka 2005 daktari wa magonjwa ya akili nchini Zimbabwe, Dixon Chibanda, alipigiwa simu na mama wa binti aliyekuwa akimtibu. Binti yule alikuwa amejiua. Daktari akauliza kwa nini hawakumrudisha hospitalini kama walivyoagana. Mama akajibu kwamba hawakuwa na nauli. Ilikuwa dola 15 za basi, kutoka kijiji cha mashariki mwa nchi hadi Harare.

Chibanda amekisimulia kisa hicho hadharani mara nyingi. Kila nikisikiapo, nafikiria kivuko cha Likoni, hapa Mombasa.

Mimi ni mkaazi wa Likoni. Miaka mitatu iliyopita, baada ya kumzika baba, usingizi ulinipaa. Nalala saa tano, saa nane usiku niko macho natazama dari mpaka adhana ya alfajiri. Chakula kikawa hakipiti. Kazini nasoma sentensi moja mara nne na bado siioni maana yake. Mama akasema ni mawazo, nisomewe. Nikasomewa, na kisomo kilinituliza moyo, sitalikana hilo. Ila ikifika saa nane usiku, macho yale yale.

Rafiki akanipa namba ya kliniki moja upande wa Nyali. Nikaenda. Feri haimtozi mwenda kwa miguu, lakini kuna matatu ya kutoka kivukoni hadi mjini, kuna ya pili, na mwisho kuna tuktuk, na vyote hivyo ni kwenda na kurudi. Shilingi 400 zilinitoka. Ndani nikazungumza saa nzima, na nikalia kuliko nilivyolia matangani. Nilipotoka nikiwa mwepesi, karani akanitajia bei: 3,500. Kwenye simu nilikuwa na 3,800. Nikalipa, nikabaki nahesabu kama nitafika nyumbani. Akauliza, "Tukuandike wiki ijayo, dada?" Nikamwambia nitapiga simu.

Sikupiga. Ilipita miezi saba.

Sisemi bei ile ni dhuluma. Mtaalamu yule alisoma miaka mingi, analipia ofisi na stima, na saa yake moja ndiyo bidhaa yake. Tatizo ni kwamba hakuna aliyeitaja bei kabla sijaketi, wala mimi sikuiuliza. Vikao vinne kwa mwezi ni 14,000, na nauli 1,600 juu yake. Hiyo inapita kodi ya nyumba ninayopanga. Laiti tungelizungumza mapema, pengine tungekubaliana nije kila baada ya wiki mbili, au angenielekeza kwingine. Badala yake nilirudi nyumbani na aibu ya kushindwa kulipa, nikaiongeza juu ya huzuni niliyokwenda nayo.

Sisi ni watu tunaobishania bei ya fungu la nyanya sokoni Kongowea bila haya yoyote. Twamuuliza fundi wa nguo bei kabla hajashika futi. Lakini mbele ya mtu anayetusikiliza machungu yetu, kutaja pesa twaona ni kama kumvunjia heshima. Nimezungumza na washauri nasaha kadhaa tangu wakati huo, na wote wamenieleza jambo moja: mteja anayetoweka baada ya kikao cha kwanza au cha pili mara nyingi ameshindwa na gharama, na hasemi. Wengi wao hupunguza bei kwa asiye na uwezo. Wanataka waambiwe tu.

Aliyenirudisha njiani ni wifi yangu, muuguzi. Alinitazama siku moja jikoni akasema, "Wifi, wewe unakwisha. Kesho twende hospitali ya kaunti." Nikasita. Mombasa, mtu akitaka kukutusi hukwambia upelekwe Port Reitz, kwa kuwa ndiko kuliko na wodi ya akili. Nairobi nao wana Mathari, hospitali iliyoanza 1910 katika majengo yaliyokuwa ya kuwatengea wagonjwa wa ndui, na kwa miaka mingi jina lake limekuwa kejeli mitaani. Nilidhani nikionekana kwenye foleni ile, habari itafika Likoni kabla yangu. Wifi akanijibu kwamba foleni ile ina walimu, askari, madereva na mabibi harusi, na kila mmoja anaogopa kuonwa na mwenziwe.

Alisema kweli. Kadi ya hospitali ilinigharimu chini ya nauli ya tuktuk. Tabibu aliniuliza maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita: usingizi, hamu ya chakula, uchovu, umakini, kujiona sina thamani, hadi lile la mwisho, kama nimewahi kufikiria ni heri nife. Ni orodha inayotumika dunia nzima kupima sonona, na majibu hujumlishwa kutoka 0 hadi 27. Hakuandika dawa siku ile. Aliniambia nianze na mazungumzo, akanipeleka mlango wa pili kwa mshauri nasaha. Wengine hupewa dawa, na zipo zilizo za bei nafuu katika duka la dawa la hospitali ya umma, lakini ni daktari anayeamua. Si jirani aliyewahi kuzimeza.

Hapa nataka nieleze milango, kwa sababu watu wengi hugonga wa ghali zaidi kwa kutojua. Daktari wa magonjwa ya akili ni daktari kamili aliyebobea, na ndiye mwenye kuandika dawa nzito na kumlaza mgonjwa. Ndiye aghali kumuona, na wengi wao wako Nairobi. Mwanasaikolojia hupima na kutibu kwa mazungumzo. Mshauri nasaha naye hutibu kwa mazungumzo, na kwa msiba, ndoa inayoyumba, kuachishwa kazi, au huzuni isiyo na jina, yeye mara nyingi atosha. Kenya ina sheria ya mwaka 2014 inayowataka washauri nasaha na wanasaikolojia wasajiliwe. Basi muulize, "Umesajiliwa?" Aliyesajiliwa hatakasirika. Anayekwepa swali hilo, au anayekuahidi kupona kwa siku tatu, mkimbie.

Upo mlango mwingine usiotajwa sana. Vyuo vinavyofundisha ushauri nasaha huwa na wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanaohitaji saa za mazoezi, wakisimamiwa na walimu wao. Bei yao huwa ndogo sana, na baadhi hawatozi kitu. Watu huwadharau kwa ujana wao. Mimi niliyekutana naye alikuwa na miaka 26, akasikiliza kuliko wazee wangu wengi.

Na bima? Tangu Oktoba 2024 mfuko wa zamani wa NHIF umeondoka, na sasa kuna Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Asiye na ajira rasmi hupimwa uwezo wake, na mchango wa chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi. Kujiandikisha ni kwa simu, *147#. Ukishajiandikisha, usifike hospitalini ukidhani kila kitu kimelipwa. Muulize karani wa bima kabla ya kukaa foleni kama ushauri nasaha umo, kama ni kwa mgonjwa aliyelazwa tu au hata wa kwenda na kurudi, na kama hospitali ile ina mkataba. Bima za kibinafsi nazo zina mtego wake: nyingi hutaka barua ya daktari kwanza na kibali kabla ya kikao, na huwa na kikomo cha pesa kwa mwaka ambacho huishia katikati ya matibabu. Sheria ya Afya ya Akili ilirekebishwa mwaka 2022 na kukataza kampuni za bima kumbagua mtu kwa sababu ya ugonjwa wa akili. Ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi. Na kama umeajiriwa, nong'ona na afisa wa wafanyakazi, maana kampuni kadhaa hulipia vikao vichache vya siri na wafanyakazi hawajui.

Kuna jambo la jamaa pia, na hili laniuma. Simu yangu ina makundi matano ya michango. Tumechangia harusi, tumechangia figo ya shemeji, tumechangia maziko hata ya watu nisiowajua kwa sura. Kwa harusi moja tulitoa zaidi ya shilingi 200,000 katika siku tisa. Sijawahi kuona kundi la kumchangia mtu aende kwa mshauri. Lakini huyo huyo akifa kwa mkono wake, kundi la maziko litaundwa usiku ule ule, na ahadi zitamiminika kabla ya asubuhi. Chama chetu cha akina mama Likoni sasa kimetenga fungu dogo, 500 kila mwezi kutoka kwa kila mmoja, kwa ajili ya matibabu ya aina hii. Mwenye haja humwambia mweka hazina peke yake, na mweka hazina haulizi ni ya nini. Wawili walikuwa wameshafaidika. Mimi nilikuwa wa tatu.

Nirudi Harare. Baada ya simu ile, Chibanda aliona kwamba kumngojea mgonjwa hospitalini hakutoshi. Mwaka 2006 alianza na mabibi 14 wa mtaa wa Mbare, waliokuwa tayari wanasaidia kliniki. Ndani hakukuwa na chumba cha kuwapa, kwa hiyo walikaa nje, kwenye benchi la mbao chini ya mti. Kwanza aliliita benchi la afya ya akili, na watu wakalikwepa. Mabibi wakamshauri abadilishe jina, likawa Benchi la Urafiki. Hata ugonjwa hawakuuita kwa jina la vitabuni. Waliuita kufungisisa, neno la Kishona lenye maana ya kufikiri kupita kiasi. Mama yangu angelielewa mara moja. Si ndivyo tusemavyo, fulani ana mawazo?

Na benchi lilipimwa. Utafiti uliochapishwa 2016, uliofanyika katika kliniki 24 za Harare na watu 573, ulionyesha kwamba baada ya miezi sita, kati ya waliokaa na mabibi, takriban mmoja kati ya saba ndiye aliyekuwa bado na dalili za sonona. Kati ya waliopata huduma ya kawaida walikuwa nusu. Mpango ukavuka hadi Malawi, ukafika na Zanzibar. Huku kwetu, katika viunga vya Nairobi, wahudumu wa afya wa mitaani wasio na shahada ya saikolojia waliwahi kufunzwa njia fupi ya Shirika la Afya Duniani, vikao vitano tu, kuwasaidia wanawake waliopitia ukatili. Matokeo yalichapishwa 2017, na wanawake wale walipata nafuu kuliko waliohudumiwa kwa njia ya kawaida.

Mambo haya yanajulikana, ndiyo maana nakasirika. Mwaka 2020 jopo la kitaifa lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilipendekeza afya ya akili itangazwe kuwa dharura ya taifa. Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii 100,000, wenye mikoba na vipimo vya shinikizo la damu na sukari. Wanafika hadi mlangoni. Wa mtaa wetu huja kwa miguu. Wakifunzwa kusikiliza kama mabibi wa Mbare, na wakalipwa posho yao kwa wakati, mkaazi wa Likoni hatahitaji matatu mbili na tuktuk ili kuzungumza na mtu. Kaunti zinaweza kuanza na hilo mwaka huu bila kungoja jengo jipya.

Nimwambie pia anayeogopa sheria. Kwa miaka mingi watu wetu waliogopa kumwambia mshauri kwamba walijaribu kujiua, kwa kuwa kifungu cha 226 cha kanuni za adhabu kilikuwa na kifungo cha hadi miaka miwili. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Basi sema. Kama usiku wa leo ni mzito kuliko unavyoweza kubeba, Msalaba Mwekundu wa Kenya wana namba 1199, na kuipiga ni bure.

Mimi nilimaliza vikao vinane katika miezi minne. Vilinigharimu, nauli pamoja, pungufu ya vikao vinne vya ile kliniki ya kwanza. Sasa nalala mpaka adhana iniamshe. Baba bado namlilia, ila mchana, na nikiwa na watu.

Wewe uliyekuwa ukiahirisha, piga simu kesho asubuhi. Kabla hujajieleza, uliza: kikao ni pesa ngapi, kuna vikao vingapi, na je, mnampunguzia asiye na uwezo? Usiposikia jibu lililonyooka, kata simu upige namba ya pili.