Nasaba ya Lugha za Kompyuta: Maoni ya Mwalimu wa Kiswahili

Aghalabu lugha za kompyuta hufundishwa vyuoni kana kwamba kila moja imejizaa yenyewe. Muhula huu ni C, muhula ujao C++, mwaka wa pili Java, baadaye C#. Mwanafunzi hufungua daftari jipya, huanza na zoezi lile lile la kuandika salamu kwenye skrini, kisha hufundishwa upya masharti na vitanzi alivyokwisha kuvijua. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba lugha hizo ni za ukoo mmoja, na kwamba sisi wa Kiswahili, hasa tunaofundisha vijana wa Kasese na Bwera, tunaujua ugumu wa kujifunza lugha ndugu kuliko tunavyodhani. Jambo lenyewe si la anasa. Anayeshindwa mtihani hulirudia somo na kulilipia tena, na kwa mzazi anayesomesha kwa kahawa ya miteremko ya Rwenzori mzigo huo si mdogo.

Tuanze na nasaba. Mwaka 1960 ilitolewa ripoti ya lugha ya ALGOL 60. Kutokana nayo ikaja CPL huko Uingereza, kisha BCPL ya Martin Richards (1967), kisha B ya Ken Thompson, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 Dennis Ritchie akaunda C katika maabara za Bell, Marekani. C ndiyo iliyozaa sana. Bjarne Stroustrup alianza mwaka 1979 kazi iliyoleta C++; James Gosling na wenzake wa kampuni ya Sun wakatoa Java mwaka 1995; na mwaka 2000 kampuni ya Microsoft ikatangaza C#, ambayo mbunifu wake mkuu ni Anders Hejlsberg. Pascal ya Niklaus Wirth (1970) nayo ni ya ukoo wa ALGOL, ila kwa tawi jingine, tuiite binamu.

C na C++ zinakaribiana kama Lhukonzo na Kinande. Ukisimama sokoni Mpondwe, pale Bwera, utamsikia muuzaji wa upande wetu na mnunuzi aliyevuka kutoka Kasindi wakipatana bei, kila mmoja kwa lugha anayoiita yake, bila mkalimani. Malcolm Guthrie aliziweka bega kwa bega, D41 na D42. Vivyo hivyo programu nyingi za C hupokewa na C++ bila kubadilishwa. Nyingi, si zote: ukikipa kigeu chako jina la "class", C haina neno, lakini C++ itakataa kwa kuwa kwake neno hilo limetengewa kazi nyingine.

Faida ya udugu iko wazi. Mkonzo asemaye "abandu babiri" hapati taabu na "watu wawili". Upatanisho wa kisarufi anao tangu utotoni. Kadhalika aliyeisoma C hana haja ya kufundishwa tena katika Java kwamba kila taarifa hufungwa kwa nukta mkato, au kwamba vipengele vya safu huanza kuhesabiwa kwenye 0. Vipindi hivyo vingetumika penye shida ya kweli, yaani pale ndugu wanapofanana sura na kutofautiana tabia.

Mwalimu yeyote wa Kiswahili aliyefundisha Kasese amewahi kusahihisha "mbwa inakula" au "kiboko kimevuka barabara". Mwanafunzi huyo hakukosa akili. Katika lugha nyingi za kwetu jina la mnyama hubaki katika upatanisho wa ngeli yake. Waganda husema "embwa erya". Kiswahili sanifu, kinyume chake, huwapa viumbe hai upatanisho wa watu: mbwa anakula, kiboko amevuka. Mgeni asiyejua lugha yoyote ya Kibantu hukariri kanuni hii kama anavyokariri nyingine zote. Kijana wetu huteleza kwa sababu tayari anajua kitu kinachokaribiana nayo.

Sasa tazama Java na C#, ndugu wanaofanana mno. Zote mbili hutumia alama == kulinganisha. Katika C#, ukilinganisha maneno mawili kwa alama hiyo, kwa kawaida unauliza kama herufi zake ni zile zile. Katika Java unauliza kama ni kitu kimoja kilichohifadhiwa mahali pamoja. Mwanafunzi aliyetoka C# huandika programu ya Java ya kukagua neno la siri. Akiijaribu kwa maneno aliyoyaandika ndani ya programu yenyewe, jibu huwa sahihi, kwani Java huhifadhi nakala moja tu ya maneno ya namna hiyo. Neno likiandikwa kwenye kibodi na mtumiaji, programu humkatalia hata kama hakukosea herufi. Hakuna onyo lolote linalotokea. Kosa la aina hii huweza kumla mtu usiku mzima.

Mwelekeo wa safari nao una maana. Alama = moja huweka thamani, mbili hulinganisha. Anayekosea na kuandika moja ndani ya sharti la kulinganisha namba, Java humkatalia palepale. C hukubali na kuendelea, pengine kwa onyo tu. Kwa hiyo aliyelelewa na Java akahamia C yumo hatarini kuliko anayekwenda kinyume chake, maana amezoea kusahihishwa.

Lipo pia suala la majina. Wengi hudhani JavaScript ni mtoto wa Java. Brendan Eich aliiunda mwaka 1995, nayo iliitwa kwanza Mocha, kisha LiveScript, kabla ya kupewa jina la kibiashara lililovuma wakati huo. Mavazi yake ni ya C na Java. Mifupa imetoka kwa lugha za Scheme na Self. Sisi tunaifahamu hali hii. Neno "kitabu" ni la Kiarabu, lakini Mwarabu husema "kutub" kwa wingi, nasi husema "vitabu", kwa ngeli ya KI-VI. Msamiati wa mkopo haukukifanya Kiswahili Kiarabu.

Kwa maoni yangu, mwalimu wa lugha ya pili ya ukoo huu angetumia wiki mbili za kwanza kwa tofauti peke yake, na maswali ya mtihani yatoke humo. Zoezi moja jepesi ni kugawanya 7 kwa 2. C, C++, Java na C# hujibu 3, kwa kuwa namba nzima kwa namba nzima huzaa namba nzima. JavaScript hujibu 3.5. Python 2 ilijibu 3, na Python 3, iliyotoka mwaka 2008, hujibu 3.5. Mwanafunzi aeleze kwa nini, kabla ya kuigusa kompyuta.

Walimu wa Kasese na Bwera waliokusanya makosa ya aina ya "mbwa inakula" kutoka madaftarini wanaombwa kuyaleta idarani. Tutayapeleka kwa wenzetu wa kompyuta, nao watuletee ya kwao.