Safari ya kundi ufukweni: nani yuko zamu bwawani?

Makundi ya ndugu na marafiki huchanga fedha na kwenda Paje, Zanzibar, kulala hoteli za ufukweni na kujifunza kuteleza juu ya maji kwa ubao na tiara. Upepo wa kusi, kati ya Juni na Septemba, ni msimu wao mkubwa. Wazazi wakiwa baharini, watoto hubaki kwenye bwawa la hoteli.

Hatari huanzia hapo. Watu wazima wakiwa wengi, kila mmoja hudhani mwenzake anamwangalia mtoto.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021. Karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele, na dakika chache tu zinatosha kumpoteza.

Kabla ya kulipia chumba, uliza: Je, bwawa lina uzio na mlango unaofungwa? Kuna mwokoaji? Anaondoka saa ngapi?

Mkifika, pangianeni zamu. Awepo mtu mzima mmoja anayejua kuogelea, kwa nusu saa, bila simu wala pombe. Asiondoke mpaka anayempokea afike. Mtoto mdogo awe karibu kiasi cha kumshika kwa mkono. Maboya ya kujaza upepo ni ya kuchezea, usiyategemee.

Na mtoto asipoonekana, tafuteni kwanza majini, kisha vyumbani.