Tiketi ikisema 03:40, Usangi mnashuka lini?

Mabegi mawili yalikuwa yamefungwa tangu Jumapili. Bibi mmoja wa Usangi, mwenye umri wa miaka 68, alikuwa anakwenda Ulaya kwa mara ya kwanza. Binti yake wa mwisho alikaribia kujifungua, na huko aliko hana mama mdogo wala shangazi wa kumkanda maji ya moto.

Familia ilijiona imejipanga. Jumamosi tarehe 15 asubuhi wangeshuka Mwanga. Mchana wangefika karibu na Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro, KIA, na bibi angepumzika katika chumba cha hoteli walichokwisha kukilipia. Usiku wake, saa 9 na dakika 40, angepanda ndege. Tiketi ilisema tarehe 15, saa 03:40.

Jumatano jioni mjukuu aliye kidato cha tatu alirudi nyumbani, akaomba kuiona tiketi.

"Shikamoo bibi. Mbona hii ndege inaondoka Ijumaa usiku?"

"Marahaba. Acha utani, mjukuu wangu. Imeandikwa tarehe 15."

"Ndiyo bibi, lakini tarehe 15 inaanza Ijumaa saa 6 usiku. Jumamosi mkiwa mnashuka mlima, ndege itakuwa imeshaondoka."

Sebule nzima ilinyamaza. Tiketi ilikuwa imechangiwa na watoto wanne, na nyingine isingepatikana kirahisi.

Kosa linatoka wapi

Kosa hili huwapata hata waliosoma, kwa sababu linatokana na namna tunavyohesabu siku. Kwa Kiswahili, saa 9 usiku tunaihesabu pamoja na jioni iliyotangulia. Tunasema "usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi", na kila mtu anaelewa. Tiketi haisemi hivyo. Kwake siku mpya huanza saa 6 kamili usiku, ambayo huandikwa 00:00.

Kwa hiyo, saa ya tiketi ikianza na 00, 01, 02, 03, 04 au 05, msafiri anatakiwa awe ameshatoka nyumbani siku moja kabla ya tarehe iliyoandikwa.

Kubadilisha saa hizo kuwa za kwetu si kazi ngumu. Kuanzia 00:00 hadi 06:59, ongeza 6: saa 03:40 inakuwa saa 9 na dakika 40 usiku. Kuanzia 07:00 hadi 18:59, toa 6: saa 13:20 ni saa 7 na dakika 20 mchana. Kuanzia 19:00 hadi 23:59, toa 18: saa 21:00 ni saa 3 usiku.

Kuna mambo mengine mawili. Kwanza, kwenye tiketi KIA huandikwa JRO, kama Dar es Salaam inavyoandikwa DAR na Nairobi NBO. Pili, saa zote za tiketi ni za mahali ndege ilipo wakati huo. Saa ya kuondoka ni ya Tanzania, na saa ya kufika ni ya nchi unayokwenda.

Hesabu kuanzia ndege kurudi nyumbani

Uwanja wa KIA, uliofunguliwa mwaka 1971, uko kati ya Moshi na Arusha. Kutoka Usangi ni zaidi ya kilomita 100: unashuka mlima wenye kona hadi Mwanga, kisha unapita Himo, Moshi na Boma Ng'ombe. Kwa siku ya kawaida ni safari ya saa kadhaa. Mvua za masika au ukungu mlimani huongeza muda, na lori likikwama kwenye kona huongeza zaidi.

Ndiyo maana hesabu nzuri huanzia ndege na kurudi nyuma. Kwa safari ya nje ya nchi, abiria hushauriwa kufika uwanjani saa tatu kabla ya ndege kuondoka. Ndege ya saa 9 na dakika 40 usiku inamtaka abiria awe uwanjani kabla ya saa 7 usiku. Kutoka hoteli ya jirani ni mwendo mfupi, lakini kuamka, kuoga na kupakia mizigo kunahitaji saa nzima. Kwa hiyo bibi aamshwe saa 5 na nusu usiku. Ili apate usingizi wa maana, awe kitandani saa 1 jioni. Familia iliyosubiri gari la alasiri itafika uwanjani na mgonjwa badala ya msafiri.

Chumba kilipiwe usiku upi

Hapa ndipo wengi hupoteza fedha. Hoteli huuza usiku, na usiku huitwa kwa tarehe unayoingia. Hoteli nyingi hupokea wageni kuanzia saa 8 mchana na kuwataka watoke kesho yake saa 4 asubuhi. Ndege ikiondoka tarehe 15 saa 03:40, chumba kinatakiwa kiwe cha tarehe 14.

Anayefika hesabu yake ni hiyo hiyo. Mtoto wenu akitua tarehe 15 saa 8 usiku (02:00), chumba cha tarehe 15 hakitamsaidia. Ataambiwa asubiri hadi mchana, huku watoto wake wakisinzia juu ya mabegi. Mchukulieni cha tarehe 14, na mwambieni mhudumu wa mapokezi kwamba mgeni atafika usiku wa manane, ili chumba kisipewe mtu mwingine.

Kabla ya kutuma fedha, piga simu na uulize: Mapokezi yako wazi usiku kucha? Kuna gari la kupeleka wageni uwanjani, na ni kiasi gani? Dereva analala hapo hapo au anapigiwa simu? Chakula cha jioni kinapatikana kuanzia saa ngapi? Chumba kina chandarua, na mzee hatapanda ngazi? Bei ya gari ikubaliwe mchana, kwa sababu usiku wa manane mwenye haraka hana nguvu ya kupatana.

Usitegemee mtu mmoja wa kuamsha. Tegesha simu mbili na umwombe mhudumu agonge mlango. Kama simu inatumia AM na PM, angalia vizuri: saa 5 na nusu usiku ni 11:30 PM. Ukitegesha 11:30 AM, italia saa 5 na nusu asubuhi.

Kusindikiza kuishie wapi

Usangi msafiri hasindikizwi na mtu mmoja. Wajomba, mashangazi, majirani na wajukuu wote hutaka kumpungia mkono. Ni jambo jema, lakini usiku wa hotelini watu kumi kwenye chumba kimoja humnyima mzee usingizi anaouhitaji.

Familia hii iliamua kuagana nyumbani. Ijumaa asubuhi walisali sebuleni, wakanywa chai, na bibi akawashika mikono mmoja mmoja. Walioshuka naye walikuwa wawili tu, mwanawe mkubwa na yule mjukuu. Pasipoti, tiketi, namba ya simu ya binti na dawa za presha viliwekwa kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye begi kubwa.

Hoteli ya kwanza ilikuwa imejaa kwa usiku wa tarehe 14, na fedha walizolipia tarehe 15 hazikurudi zote. Walipata nyumba ya wageni Boma Ng'ombe, yenye kitanda safi na mlinzi aliyemfahamu dereva wa teksi. Bibi alikula mapema, akalala, na saa 5 na nusu usiku mlango uligongwa kabla simu hazijalia.

Saa 7 kasoro robo alikuwa kwenye foleni, pasipoti mkononi. Mwanawe na mjukuu walisimama nje ya kioo hadi walipoona kitambaa chake cha kichwa kikipotea nyuma ya mashine ya ukaguzi.

Mtoto alizaliwa siku nne baadaye, na bibi alikuwepo. Nyumbani Usangi, mjukuu amebandika karatasi kwenye kabati la sebuleni kwa ajili ya atakayesafiri baada yake. Imeandikwa: "Ndege ya usiku wa manane: shuka siku moja kabla ya tarehe."