Askari na simu yake vitani



Katika semina ya vijana ya parokia yetu kulizuka mabishano makali. Kijana mmoja alikuwa na video ndani ya simu, iliyochukuliwa na askari mwenyewe mahali pa mapigano. Mateka walikuwa wamekaa chini, mikono imefungwa, na mwenye kushika simu alikuwa anacheka. Wengine walisema: jeshi likataze askari wote kwenda vitani na simu zao. Wengine wakajibu: likikataza, nani atajua yanayotendeka kule porini? Tuliwaahidi vijana kwamba tutaandika juu ya jambo hili.

Wenye kukataza wana sababu. Simu iliyowashwa inaongea na mnara, na adui anaweza kujua inatokea wapi. Usiku wa kuamkia 1 Januari 2023, makombora ya Ukraine yaliangukia jengo lililojaa askari wa Urusi kule Makiivka. Jeshi la Urusi lenyewe lilikubali vifo 89, likasema sababu kubwa ni simu ambazo askari walitumia ingawa zilikatazwa. (Marehemu hawezi kujitetea. Wakubwa waliowalaza watu wengi hivyo chini ya paa moja nao walikuwa na la kujibu.)

Sababu ya pili inamhusu mateka. Mapatano ya tatu ya Geneva ya mwaka 1949, katika kifungu cha 13, yanaagiza kwamba mateka wa vita alindwe na matusi na asifanywe kitu cha kutazamwa na watu. Yaliandikwa kabla ya simu hizi, lakini yanasema wazi juu ya video ya kijana wetu. Kumpiga picha mtu aliyefungwa ili marafiki wacheke ni kumwonea mara ya pili.

Hata hivyo, tuangalie yaliyotokea Abu Ghraib, gereza karibu na Baghdad. Mwishoni mwa 2003 askari wa Marekani waliwatesa wafungwa Wairaki na kuwavua nguo, wakajipiga picha pamoja nao kama wawindaji na nyama yao. Mwenzao mmoja, Joseph Darby, aliomba picha za kawaida za Irak, akapewa diski, na ndani yake akakuta hizo nyingine. Mnamo Januari 2004 aliipeleka kwa wapelelezi wa jeshi. Mwezi Aprili televisheni ikazionyesha dunia nzima. Waziri wa ulinzi wa Marekani, Donald Rumsfeld, alipoitwa mbele ya maseneta mwezi Mei, alilalamika kwamba askari wanazunguka na kamera na kuwapa waandishi wa habari picha kabla hazijafika kwake. Bila kamera hizo, askari 11 wasingehukumiwa, na pengine mateso yangeendelea. Darby mwenyewe aliitwa msaliti na baadhi ya watu wa kwao, akashindwa kurudi kuishi katika mji wake.

Sisi Wakongomani tuna mfano wetu. Mnamo Februari 2017 ilienea video ya Mwanza-Lomba, katika Kasai ya Mashariki. Askari wa jeshi letu wanatembea njiani na kupiga risasi watu ambao wengi wao walikuwa na fimbo na manati tu. Aliyeichukua alikuwa mmoja wa askari hao, na sauti yake inasikika. Kwanza serikali ilisema ni filamu ya kutungwa. Mwezi Machi wanajeshi saba walikamatwa, na mwezi Julai korti ya kijeshi ya Mbuji-Mayi ilitoa hukumu, baadhi yao wakapewa kifungo cha maisha. Aliyechukua video ile hakukusudia kutoa ushuhuda. Pengine alitaka kujisifu. Lakini wafu wa Mwanza-Lomba hawakuwa na shahidi mwingine ambaye Kinshasa ingelazimika kumsikiliza.

Na makanisa yetu yasisahau Baringa. Mnamo Mei 1904 mtu aitwaye Nsala alifika kwenye baraza la wamisionari Waprotestanti akiwa na mkono na mguu wa binti yake Boali, aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira. Mama Alice Seeley Harris, mke wa mmisionari, alimpiga picha akiwa ameketi mbele ya viungo hivyo. Picha hiyo ilionyeshwa katika makanisa ya Uingereza, na ilisaidia kuvunja uongo wa Leopold wa Pili, ambaye mwaka 1908 aliiachia dola ya Ubelgiji nchi hii. Walinzi wale wangeulizwa, wangekataza kamera mara moja!

Biblia inatupa maneno mawili yanayovutana. Katika Mwanzo 9, Shemu na Yafethi walitembea kinyumenyume ili wafunike uchi wa baba yao bila kuutazama, lakini ndugu yao aliona na kwenda kusimulia nje. (Ukurasa huu umetumiwa vibaya kuwadharau watu weusi, jambo lisilo na msingi katika andiko lenyewe.) Upande mwingine, Mambo ya Walawi 5:1 inamhesabia hatia mtu aliyeona jambo na kukataa kushuhudia. Kwa hiyo kuna kufunika na kuna kushuhudia, na vyote viwili ni amri.

Ndiyo maana hatukubali jibu la «wote wanyang'anywe simu» wala la «kila mmoja apige anavyotaka». Kamanda ana haki ya kuagiza simu zizimwe wakati wa mapigano. Picha ya mateka au ya maiti kwa ajili ya kujifurahisha ikatazwe, na mwenye kuichukua aadhibiwe. Lakini amri isiyomlinda askari anayepeleka ushahidi kwa korti, tunaitilia mashaka. Mara nyingi inamlinda mkubwa kuliko mateka. Mkristo aliye jeshini akishuhudia uovu na simu iko mkononi, hatuwezi kumwambia aiweke mfukoni. Tunamwambia aifikishe kwa mwenye kuhukumu, asiipeleke kwenye makundi ya WhatsApp.

Nasi tunaopokea? Mama mmoja wa parokia yetu aliiona maiti ya mtoto wake katika kundi la WhatsApp la kwaya, kabla hajaambiwa na mtu yeyote. Picha ilikuwa imepita kwa watu wengi, na wengine walikuwa wameandika «Mungu atuhurumie» na kuituma mbele. Tulipokwenda kumfariji, alituomba mambo mawili. La kwanza, wanakwaya wote waifute. La pili, mchungaji abaki na moja, pamoja na tarehe na jina la kijiji, mpaka siku ambayo hakimu ataiomba. Iko katika kabati la ofisi, ndani ya bahasha iliyofungwa, na hakuna aliyekuja kuiomba bado.