Nambari ya Duka na Simu ya Intaneti

Tangu simu za mkononi zilipoenea, mwenye duka wa Mombasa, Tanga au Unguja aghalabu huandika kwenye kibao cha duka lake nambari ile ile anayopigiwa na mama yake na watoto wake, na akiwa na kijana wa kupokea oda, huongeza nambari ya kijana huyo chini ya yake. Ada hiyo, ijapokuwa imezoeleka hata haidhaniwi tena kuwa ni dhiki, inaitia hasara tijara ndogo kuliko tunavyokiri, kwa kuwa siku kijana atakapoacha kazi ataondoka na laini yake pamoja na wateja walioizoea, na siku mwenye duka atakapougua, oda zitamfuata kitandani. Kampuni kubwa hazikupata kuijua taabu hii, maadamu zilikuwa na swichibodi: nambari moja inayojulikana na watu wote, na nyuma yake karani wa kumwelekeza mpigaji kwa mtu amtakaye. Simu inayopita katika intaneti imeifikisha neema hiyo hadi duka la mlango mmoja, na jambo hilo, kwa rai yangu, lina thamani kuliko unafuu wa bei ambao wauzaji wa simu hizi hupenda kuutangaza.

Katika simu ya waya, ile ambayo Alexander Graham Bell aliipatia hataza mwaka 1876, wazungumzaji wawili walihodhi njia nzima baina yao kwa muda wote wa maongezi, hata walipokuwa wamenyamaza. Katika simu ya intaneti hakuna anayeihodhi njia. Kwa kanuni iliyozoeleka, chombo huipima sauti mara 8,000 kila sekunde, hukigeuza kila kipimo kuwa tarakimu, kisha huzikusanya tarakimu hizo katika vipande vyenye sauti ya milisekunde 20 kila kimoja, yaani sehemu 20 za elfu ya sekunde, na kila kipande hutiwa kama barua ndani ya bahasha yenye anwani ya kiendako. Hivyo sekunde moja ya usemi hutoa bahasha 50, zikasafiri zikichanganyika na picha na hesabu za watu wengine, na zifikapo, chombo cha upande wa pili huzipanga kwa utaratibu wake, huzisubiri kidogo zilizochelewa, na huirejesha sauti. Danny Cohen na wenzake walilijaribu jambo hili huko Marekani tangu mwaka 1974, lakini iliwapasa watu wa kawaida kusubiri miaka mingine ishirini na zaidi.

Adui mkubwa wa simu ya intaneti ni ukawivu. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, limependekeza kuwa sauti isizidi milisekunde 150 kutoka kinywa cha msemaji hadi sikio la msikilizaji, kwani ikipita hapo kwa mbali watu huanza kukatizana maneno pasipo kukusudia. Pwani yetu, ambayo simu ya maandishi ya chini ya bahari iliifikia pale Unguja tangu 1879, iliingia karne hii ikitegemea setilaiti kwa intaneti ya kwenda ng'ambo. Na kwa kuwa setilaiti hizo zilikaa juu kwa takriban kilomita 36,000, kupanda na kushuka mara moja tu kulikula milisekunde 240. Mwaka 2009 mikongo ya chini ya bahari ipitishayo habari kwa mwanga, SEACOM na TEAMS, ilianza kazi, na EASSy ikafuata mwaka 2010. Katika ule wa TEAMS, utokao Fujairah hadi Mombasa kwa masafa ya kilomita zipatazo 5,000, mwanga huivuka bahari yote kwa milisekunde 25 hivi.

Hata hivyo mkongo pekee usingalitosha, kama swichibodi ingalibaki kuwa sanduku la thamani lisilonunulika. Mwaka 1999 kijana mmoja wa Marekani, Mark Spencer, aliyekuwa na biashara changa ya kuwasaidia watumiaji wa Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, aliona kwamba hana uwezo wa kununua swichibodi ya kupokelea wateja wake, basi akaketi akaiandika mwenyewe kwa programu ya kompyuta, akaiita Asterisk, na akaiachia wazi ili kila mtu aitumie na kuirekebisha bila malipo. Ninamshukuru kwa dhati, kwani haja ya mfanyabiashara mdogo ndiyo iliyoizaa kazi hiyo, na faida yake imewarudia wafanyabiashara wadogo wa dunia nzima.

Chukua mathalani nyumba ya wageni ya Lamu yenye vyumba sita, iliyofunga swichibodi ya namna hiyo. Mgeni hupiga nambari moja. Simu hulia mapokezi, na isipopokewa huhamia kwa msimamizi aliyekwenda sokoni, kisha kwa mwenye nyumba aliye safarini Nairobi, naye hujibu kwa jina la nyumba kana kwamba yuko barazani. Usiku wa manane mpigaji huacha ujumbe wa sauti, na asubuhi ujumbe huo husikizwa na yeyote aliye zamu. Mfanyakazi akiondoka, hufutiwa ruhusa yake na nambari hubaki.

Ama matumizi ya intaneti, mazungumzo kwa kanuni ile ya vipimo 8,000 kwa sekunde hutumia takriban kilobaiti 600 kwa dakika kwa kila upande, na mbinu mpya za kubana sauti, kama Opus ya mwaka 2012, huweza kuishia nusu ya hapo. Lakini umeme ukikatika ruta huzima na simu ya mezani hunyamaza nayo, kwa hiyo betri ya akiba ni sharti. Tena ruta iagizwe kuitanguliza sauti mbele ya filamu zinazotazamwa na wageni. Wako pia wezi wanaotafuta nywila dhaifu ili wapige simu za nchi za mbali usiku kucha, na deni likamwangukia mwenye duka. Basi nywila iwe ndefu, na simu za ng'ambo zisizohitajika zifungwe.

Ewe mwenye duka, kabla hujatoa fedha pima intaneti yako saa ya pilikapilika, si alfajiri, uone kama sauti haikatiki. Tafuta mtoa huduma mwenye leseni. Na kabla ya kutia saini, hakikisha nambari imesajiliwa kwa jina la biashara, si la mfanyakazi wala la fundi aliyekuja kuifunga.