Programu Moja Haitatuponya

Kila nikimaliza kufundisha wauguzi wa Katuba, hapa Lubumbashi, swali ni lile lile: "Docta, kwa nini serikali isinunue programu moja kwa hospitali zote, yaishe?"

Hayataisha. Zipe hospitali mbili za Lubumbashi programu ile ile. Moja itaandika malaria kuwa "palu", nyingine "malaria simple", na kompyuta itahesabu magonjwa mawili. Maduka mawili yakinunua daftari za aina moja, hesabu zao hazilingani kwa sababu hiyo tu.

Chukua karatasi ya maabara iliyoandikwa "GE +". Kwetu hiyo ni goutte épaisse: vijidudu vya malaria vimeonekana kwenye tone la damu. Mgonjwa akivuka mpaka wa Kasumbalesa, daktari wa Zambia aliyesoma kwa Kiingereza anaweza kudhani ni kuhara na kutapika. Presha tunayoiandika 14/9, kule ni 140/90. Sukari ndiyo inayonitisha. Miligramu 126 kwa desilita ni sawa na milimoli 7 kwa lita, kiwango ambacho kisukari huanza kushukiwa kwa mtu aliyefunga kula. Hiyo 7 ikiingizwa bila kizio kwenye safu ya miligramu, kompyuta itaonyesha mtu anayekata roho, na kuna atakayekimbilia kumtundikia glukosi. Programu moja ingezuia nini hapo?

"Lakini tuna DHIS2," wengine hunijibu. DHIS2 ni programu tunayoitumia kupeleka jumla za kila mwezi: zone de santé fulani, wagonjwa wa malaria kadhaa. Jumla haimwambii daktari mama aliyelala mbele yake alipewa dawa gani jana.

Basi fanyeni hivi. Muuguzi aandike neno lake alilolizoea, ila nyuma yake programu ihifadhi msimbo. Kwa magonjwa kuna ICD-11, iliyoanza kutumika 2022, ipo kwa Kifaransa na hailipiwi. Malaria ya Plasmodium falciparum ni 1F40. Kwa maabara kuna LOINC, bure pia: sukari ya seramu au plazma kwa miligramu ni 2345-7, kwa milimoli ni 14749-6. Kizio kiwe na nafasi yake, na programu ikatae kuendelea ikiachwa wazi. Kwa kutuma faili kwingine, kuna kiwango cha FHIR. Mtu mmoja atunze orodha ya misimbo, na alipwe. Muuzaji wa programu akija, mwulizeni misimbo kabla ya bei. Asipokuwa nayo, msimfungulie hata kompyuta.